Makabidhiano ya Zamu, Tukuyu

Ambwene, kesho naondoka na basi la alfajiri.
Funguo za chumba cha seva ziko kwa mwenye duka la mbolea, chini.
Mlango hukwama mvua ikinyesha,
na mvua, unajua, huku hainyeshi: inaishi.
Sukuma kwa bega.

Programu ya mizani imo ndani ya kontena,
kontena huzaliwa na taswira,
na taswira haina uso.
Ina lebo tu.
Basi isome lebo kama unavyosoma chupa ya dawa
iliyokutwa juu ya kabati la marehemu.

Iko moja imeandikwa MPYA.
Tamu, neno hilo. Nililibandika mwenyewe,
nikalibandua, nikalibandika tena kila jioni
juu ya chochote nilichopika siku hiyo,
kibichi au kilichoiva, sikujali.
Mpya ni lebo yenye miguu.
Jana ilikaa juu ya kazi iliyopimwa wiki tatu,
leo imehamia kwenye jaribio la saa mbili,
jina lile lile,
na wala haikubisha hodi.

Usiku ule wa Machi umeme ulikatika saa nane.
Ukarudi. Seva ikaamka na njaa,
ikaita: nipeni mpya.
Ikapewa.

Asubuhi, kituoni, ukungu umefuta hata miparachichi,
Tusekile Mwakalobo akatua kapu lake, kilo thelathini na nane.
Mizani ikasema tatu nukta nane.
Hakupiga kelele. Alilitazama kapu,
akanitazama mimi,
akauliza kwa upole uliozidi tusi:
"Mwanangu, hizo nyingine zimenywewa na nani?"

Nyuma yake wanawake kumi na saba.
Nilipima kwa mkono, nikaandika kwa kalamu
mpaka vidole vikafa ganzi,
na bado daftari lilitofautiana na lori kwa kilo sita.
Nilizilipa mwenyewe. Mhasibu hajui.

Tangu hapo kituo hakili neno. Kinakula namba.
Andika mbili nukta nne nukta moja,
yote, mpaka mkia;
ukiandika mbili peke yake umeita ukoo mzima
na hujui nani ataitika.
Ukitaka uhakika zaidi iko alama ya kidole,
ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu,
mbaya kuutazama, hautamkiki.
Lebo, taswira hupewa; alama ya kidole huzaliwa nayo.
Gusa kitu kimoja ndani, hata koma,
imekuwa mtu mwingine.
Nimeinakili nyuma ya kalenda.

Ya majaribio usiichukie.
Humo ndimo tunamojifunzia kupima majani yaliyolowa,
humo ndimo risiti inajaribu kusema Kinyakyusa
na kusema vibaya, kama mgeni mwenye adabu.
Iache icheze kwenye mizani mbovu ya ofisini.
Ipime mawe, ipime viatu vyako, ipime paka.
Ikikosea, paka hana ada ya shule.

Na ukiniuliza thabiti maana yake nini,
kusema kweli sijui.
Mbili nukta nne nukta moja ina kasoro:
tarehe thelathini na moja huisahau.
Lakini ni kasoro tunayoijua kwa jina,
kama ile ngazi ya tatu hapo nje
ambayo kila mtu huiruka bila kutazama chini.

Jambo la mwisho.
Tusekile siku hizi hupima kwanza nyumbani,
kwa mizani ya ndoano iliyoshika kutu.
Huandika uzito kwa mkaa juu ya kibao kidogo,
hukifunga ubavuni mwa kapu kwa ugwe wa mgomba,
ndipo huja, hulitua, husimama
kusubiri namba yetu iifikie yake.
Usimwone mkorofi.
Kabla hujatazama kioo,
soma ya mkaa.